Fisi Hawakuacha Kaburi

Zamani mtu wa Konoin akifa alibebwa jioni mpaka vichakani akaachiwa fisi, na ardhi ikabaki ya wanawe bila mtu kuuliza. Leo asiye na kaburi la kuonyesha hana babu, na asiye na babu hana ardhi.

Kipkosgei arap Mosonik aliyajua hayo siku aliposimama mbele ya kamati ya madai ya ardhi mjini Bomet, kofia mkononi na koti la kanisani mwilini. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Alikuwa amekariri majina ya baba zake mpaka mwisho wa kumbukumbu, majina ya mafahali wao, na kivuko walichokuwa wakinyweshea mifugo. Mwenyekiti alimwacha aseme kidogo, kisha akamkatiza kwa upole, upole ule wa daktari anayejua kwamba mgonjwa haponi.

"Mzee, makaburi yako wapi?"

"Makaburi ya nani?"

"Ya watu wako. Unasema kile kilima kilikuwa chenu kabla kampuni ya chai haijakuja. Sawa. Babu yako alizikwa upande gani? Utuonyeshe, tupige picha, tumalize."

Arap Mosonik aliigeuza kofia mkononi. Angemwambia nini? Kwamba babu yake alikufa angali na meno yote kinywani, na siku zile waliozikwa walikuwa vikongwe na watoto wachanga tu? Kwamba ndugu zake walimlaza kwa ubavu upande wa machweo, wakachinja kondoo ili harufu ya mafuta iwaite fisi mapema, na fisi walipokuja upesi watu wakashusha pumzi, kwa kuwa ilikuwa dalili kwamba marehemu ameondoka bila kinyongo? Maneno hayo yalikuwa na mahali pake zamani, kando ya moto, kati ya watu waliojua. Katika ukumbi ule wenye feni na viti vya plastiki yalikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Sisi hatukuzika," akasema.

Kijana mmoja aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kwa lafudhi yake alikuwa mtoto wa Silibwet, jirani pale pale. Babu wa babu yake naye alipitia tumboni mwa fisi, ila hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Hilo ndilo lililomuuma mzee kuliko swali lenyewe.

Akapewa nafasi: alete ushahidi mwingine kikao kijacho, mvua ndefu zikiisha.

Kilima chenyewe wazee walikiita Tulwap Tuga, yaani kilima cha ng'ombe. Kampuni inakiita Bloki Tisa. Arap Mosonik alizaliwa chini yake, katika kambi ya wafanyakazi, baba yake akichuma chai mahali alipochunga ng'ombe wa baba yake akiwa mtoto. Naye alipokua aliichuma, akaipogoa, mgongo ukapinda, akastaafu, akaenda kukaa ng'ambo ya mto kwenye kishamba kinachotosha kuku na mgomba. Sasa hata kuchuma kumekwisha. Mashine hupita juu ya chai kama kinyozi juu ya kichwa cha mtoto wa shule, na mikono iliyolisha nyumba nzima imebaki kushika simu. Fisi nao walikwisha. Msitu ulikatwa, mizoga ikatiwa sumu, na wajukuu wa Arap Mosonik wanamjua fisi kwa picha ya kitabuni, anacheka kama mpumbavu. Hawajui kwamba yule mnyama alikuwa na kazi katika ukoo, na kwamba alikuwa akingojewa.

Mvua hazijaisha, kampuni ikaanza kung'oa chai kuukuu kwenye bega la Tulwap Tuga ili ipande mpya. Trekta likazama gurudumu moja. Walipolitoa, udongo uliopanda nalo haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijivu, majivu matupu, na ndani yake vigae vya vyungu na mifupa. Kazi ikasimamishwa kwa muda, kama sheria inavyotaka, na watafiti wa chuo kikuu wakaja na hema lao la bluu.

Habari hizo alizileta Obiero. Obiero alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa mgongoni mwa mama yake, baba yake alipopata kazi kiwandani, na hakurudi tena ila kwa matanga. Yeye na Arap Mosonik walipogoa chai mstari kwa mstari ujana wao wote, na wakatukanana kwa muda huo huo. Siku hizi kampuni imemfanya askari, na ndiye aliyewekwa kulinda lile shimo.

"Arap, kuja uone," akaita toka njiani. "Kilima yako imetapika."

Mzee alipofika hakuamini. Shimo lilikuwa limekatwa sawasawa kama keki ya harusi, na ukutani mwake majivu na samadi iliyoungua vimepangana, tabaka juu ya tabaka. Lilikuwa jaa. Jaa la boma la watu wenye ng'ombe, hapo hapo alipokuwa akisema siku zote. Majivu ndiyo yaliyoihifadhi mifupa. Kwenye udongo wa chai ingekuwa imeyeyuka zamani.

"Umeona?" akamwambia Obiero. "Umeona wewe? Hiyo ni nyumba."

"Mimi naona takataka," Obiero akasema. "Omera, ndugu yangu, sisi kwetu mtu akifia hata Mombasa, tunamleta mpaka boma lake, tunamlaza hapo karibu na mlango. Nani atakuja kukuambia toka, na baba yako amelala hapo? Lakini nyinyi! Mlichukua hati ya shamba mkalisha fisi."

"Na nyinyi mkifiwa mnalisha wageni mpaka ng'ombe inaisha. Fisi yetu ilikula mara moja ikaenda. Yenu inakaa wiki mbili ikiuliza chai iko wapi."

Obiero alicheka mpaka akashika kigingi cha hema. Arap Mosonik naye alicheka, lakini lile neno la hati lilimwingia na halikutoka.

Aliyeongoza uchimbaji alikuwa mwanamke kijana, Moureen Mochama, mtu wa Kisii, mwenye buti kubwa na sauti ndogo. Alikuwa na subira. Mzee alipouliza alijibu, alipouliza tena alijibu tena. Siku ya kwanza alimpa mfupa mmoja aushike.

"Hii ni ng'ombe?"

"Ng'ombe, mzee. Mguu wa mbele."

Arap Mosonik aliugeuza. Ulikuwa mwepesi, rangi ya ugali wa wimbi, na ulikuwa bomba tu, wazi huku na wazi huku.

"Mbona haina vichwa?"

"Zimeliwa. Huku juu na huku chini mfupa ni laini, umejaa mafuta. Watu wakishakula nyama wanatupa jaani, halafu fisi anakuja, ama mbwa. Anaanzia hapo kwa utamu. Hii ya katikati ni ngumu na haina kitu, ndiyo anaacha. Na ile midogo fisi anameza mzima mzima, hatuioni kabisa." Akamwonyesha vishimo kandokando ya mfupa, na mikwaruzo iliyopita kama alama za uma. "Hizi ni meno."

"Na hizo vichwa zingekuwa hapa, zingekuambia nini?"

"Karibu kila kitu. Alikuwa ndama ama mkubwa. Dume ama jike. Alikuwa ng'ombe wa mbegu gani."

Mzee aliurudisha mfupa mezani taratibu. Fisi walipewa watu, wakala. Kumbe usiku uleule waliingia mpaka jaani wakawala hata mashahidi.

Hakuficha haja yake. Alimweleza Moureen habari ya kamati, na swali la makaburi, na kicheko cha yule kijana. Moureen alisikiliza akiwa amechuchumaa, mkono umeshika brashi bila kupiga.

"Mzee, sitaki kukuahidi kitu. Lakini naweza kutafuta aliyetafuna. Kama ni fisi peke yake, kampuni itasema hapa palikuwa pango la fisi, walileta mizoga kutoka porini. Kama ni mbwa, ni maneno mengine. Mbwa hakai porini na ng'ombe. Mbwa ana mwenyewe."

Tangu saa hiyo Arap Mosonik alimwomba Mungu mbwa aonekane. Mtu aliyelelewa na kanisa, ameomba mvua, ameomba watoto wapone, sasa akipiga magoti kitandani anaomba meno ya mbwa.

Ili kujua, Moureen alitaka kwanza kuona mbwa wa hapa wanavyotafuna. Akanunua mifupa kwenye bucha ya Mogogosiek, mingine akaichemsha kama watu wanavyochemsha supu, akaileta kwa Arap Mosonik, kwa kuwa mbwa wake Bosko alikuwa mkubwa na mwenye njaa ya kudumu. Elmina, mke wa mzee, alitoka jikoni akasimama na mwiko.

"Baba Kipngeno, hiyo ni nini?"

"Ni mifupa ya utafiti."

"Ya nani?"

"Ya Bosko."

Elmina alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akautazama mfupa wa paja ambao ulikuwa bado na nyama ya kutosha. "Nyumba hii imekula mboga ya sukuma toka Jumatatu," akasema. "Halafu mbwa analetewa paja na mtu wa digrii. Sasa mimi nibweke ndiyo nipate?"

"Mama, hata nyinyi nimewaletea," Moureen akasema haraka, akitoa kifurushi kingine ndani ya begi, na Elmina akalainika, akamkaribisha maziwa.

Sharti lilikuwa moja tu: mbwa asisumbuliwe. Arap Mosonik aliweka kigoda kivulini akakaa. Bosko aliuchukua mguu wa mbele wa ng'ombe, akaupeleka nyasini, akaulaza, akaukanyaga kwa miguu miwili kama fundi viatu anavyokaza kiatu. Akaanza na kichwa cha juu, kwa meno ya nyuma, jicho moja limefumba. Mlio ulikuwa kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Hakuwa na haraka. Kichwa cha juu kikalainika, kikawa uji, kikaisha. Akaugeuza mfupa, akaanza cha chini.

Mzee alitazama. Mwanzoni alitazama kama mtu anayesoma. Halafu akaona kitu kingine. Aliona lile jaa, na boma juu yake, na watu wamelala, na kazi hii hii ikifanyika gizani bila mtu kujua kwamba siku moja mjukuu wao atasimama Bomet akiulizwa. Wangejua wangeficha hata mfupa mmoja. Wangeufukia mmoja tu, mzima, wenye vichwa vyake.

"Acha!" akapiga kelele, akasimama. "Bosko, acha hiyo!"

Bosko alinguruma bila kuinua kichwa.

"Mzee, mwache." Moureen alikuwa amemshika mkono wa koti. "Tukimkataza hatutajua kitu."

Akakaa. Mbwa aliyemlea kwa makoko ya ugali alikuwa anamaliza ng'ombe mbele yake, na kazi aliyopewa yeye ilikuwa kutazama. Ng'ombe wa jirani walipopita kwenda kukamuliwa, Bosko alikuwa amelala, na nyasini lilibaki bomba, wazi huku na wazi huku.

Siku zikapita. Mvua zikapungua, na kule kilimani miche mipya ya chai ikaletwa na kupangwa tayari. Kampuni ilikuwa imeanza kuuliza kila asubuhi shimo litafungwa lini. Ndipo Moureen akamwita mzee hemani. Juu ya meza palikuwa na mifupa miwili, mmoja wa jaani na mmoja wa Bosko.

"Angalia vishimo. Angalia upana, hii ni sawa na ya Bosko. Hii ya fisi iko huku, ni pana zaidi, naye anavunja mpaka katikati. Wote walikuwa hapa, mzee. Mbwa kwanza, fisi baadaye. Watu waliishi hapa na mbwa wao, walifuga, walikula, walitupa. Hiyo nitaandika bila woga."

Arap Mosonik alicheka kwa furaha. Alitafuta pa kukaa, hapakuwa na kiti, akashika ukingo wa meza.

"Basi andika," akasema. "Andika ni watu wa Mosonik."

Moureen aliisogeza ile mifupa miwili kando.

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini usiweze? Si umeona mbwa?"

"Mbwa hana kabila. Meno yake haisemi mwenye mbwa aliitwa nani. Na hii majivu inaweza kuwa ya miaka mia mbili, inaweza kuwa ya mia tatu. Wazee wenyewe wa huku wanasema kabla yenu kulikuwa na watu wengine. Pengine ni nyinyi. Pengine ni wao. Zile vichwa za mifupa zingekuwepo, ningejaribu kusema hata mbegu ya ng'ombe, tulinganishe. Zimeliwa."

"Wewe andika tu. Nani atajua?"

"Kampuni itatafuta mtu wa kusoma, atajua siku hiyo hiyo. Watasema nimehongwa, na ile ya mbwa pia itatupwa. Nikikuandikia uongo, mzee, nitakuwa nimekudanganya wewe kwanza."

"Sasa umesomea nini, msichana wangu?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Nimesomea kusema ninachoona," Moureen akajibu, macho chini. "Si kingi."

Angekuwa mjeuri, Arap Mosonik angepata wa kumchukia. Hata hilo hakulipata. Msichana alikuwa mtu mzuri, kampuni ilikuwa imesimamisha trekta kama sheria inavyosema, fisi walikuwa wamekula walichopewa. Ukitafuta mkosaji unazunguka kilima kizima unarudi ulipoanza.

Kikao cha pili alikwenda na karatasi moja aliyoandikiwa na Moureen. Mwenyekiti aliisoma yote, kwa haki, midomo ikicheza.

"Watu waliishi pale," akasema. "Hatukatai, mzee. Watu waliishi kila mahali."

"Walikuwa na mbwa," Arap Mosonik akasema. Alisikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyotoka.

Safari hii yule kijana wa kompyuta hakucheka. Alimtazama mzee kidogo, halafu akatazama kioo chake. Mwenyekiti akamrudishia karatasi, akamtakia safari njema, akaita anayefuata. Aliyefuata alikuwa mama mmoja aliyebeba picha za makaburi ya saruji yenye misalaba na majina, na viti vikasogezwa ili wanakamati wote wazione.

Arap Mosonik hakwenda nyumbani. Alishukia njiani akapanda moja kwa moja mpaka Tulwap Tuga. Hema lilikuwa limeshushwa. Trekta lilikuwa linarudisha udongo shimoni, ule wa kijivu chini na mwekundu juu, na vijana wawili wakiukanyaga. Gari la chuo lilikuwa limefunguliwa mlango wa nyuma, na Obiero anabeba maboksi. Obiero alimwona sura, akashusha boksi, akasogea kando. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote ile kumwacha apite bila kumchokoza.

"Wamekataa," Moureen akasema.

"Wamekataa." Mzee alivua kofia. "Nakuomba kitu kimoja, mwalimu. Iache mifupa hapa. Irudishe chini na ule udongo. Kama ni ya watu wangu, ilale kwao. Kama ni ya wale wengine, hata wao ilikuwa kwao."

"Sheria haikubali. Ikishatoka lazima ikae stoo, Nairobi. Na hapa juu wanapanda chai wiki hii, dawa na mbolea, itaisha kabisa." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Ningekuwa na uwezo, mzee..."

"Najua. Huna."

Trekta lilirudi nyuma likipiga king'ora chake cha kitoto.

"Basi niione."

Moureen alilivuta boksi lililokuwa karibu, akafunua karatasi. Mifupa ilikuwa imelala safu, kila mmoja na namba yake ndogo ya wino: vipande vya mbavu, taya moja lisilo na ncha, na mabomba ya miguu, wazi huku na wazi huku. Mzee aliuchukua mmoja. Kwa kuwa hakujua la kuufanyia, aliunusa. Haukunuka ng'ombe, wala samadi, wala majivu. Ulinuka sabuni. Aliurudisha alipoutoa, lakini uliingia upande usio wake, na Moureen akauweka sawa.

Obiero alifunga mlango wa nyuma. Gari liliteremka polepole kwa sababu ya matope, likipita kati ya chai iliyonyolewa, na kupitia kioo cha nyuma maboksi yalionekana yakitikisika, moja juu ya jingine, mpaka kwenye kona ya banda la kupimia chai. Hapo ndipo Kipkosgei arap Mosonik alipoiona mifupa ile kwa mara ya mwisho.